Nyaya za plagi: utajuaje kama zimefika mwisho?

Maswali ni yaleyale kila wiki, mengi kuhusu misi, yaani silinda kukosa kuwaka inavyotakiwa. "Gari langu linamisi asubuhi kukiwa na unyevu, jua likiwaka linatulia. Ni nyaya?" "Nimeweka plagi mpya, mbona injini bado inatetemeka?" "Fundi amesema seti nzima ibadilishwe, nitajuaje kama ni kweli?" Badala ya kujibu kipande kipande, naweka hapa utaratibu wote, ili hata mtu ambaye hajawahi kufungua boneti isipokuwa kuangalia oili aweze kupata jibu lake mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, mengine yote yatakuwa mepesi. Waya wa plagi hupeleka umeme kutoka kwenye koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche) hadi kwenye plagi, na hufa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukatika au kuchoka kwa ndani, pale ambapo uzi unaopitisha umeme unapoliwa mpaka cheche inafika dhaifu au haifiki. Njia ya pili ni kuvuja: ndani waya ni mzima, ila mpira wa nje umepasuka, na umeme unatorokea kwenye chuma cha injini kabla ya kufika kwenye plagi. Mita ya umeme inaona ugonjwa wa kwanza tu. Wengi hupima kwa mita, wakaona namba nzuri, wakazirudisha nyaya mahali pake, kisha wakaanza kununua koili, pampu ya mafuta na vihisio, huku mvujaji bado yuko palepale. Kwa hiyo utapima mara mbili, kila ugonjwa kwa kipimo chake.

Kwanza, hakikisha gari lako linazo

Injini ya dizeli haina nyaya hizi, kwa sababu mafuta yake huwaka kwa mgandamizo na wala si kwa cheche. Magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni nayo hayana, kwani kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake moja kwa moja. Ukifungua boneti ukaona kila plagi imefunikwa na kidude chenye soketi ndogo ya nyaya nyembamba, hiyo ni koili. Kwako wewe kinachochoka ni kofia ya mpira iliyo chini ya koili hiyo, na hatua za kukagua kwa macho hapa chini zitakufaa.

Wenye nyaya ni wa makundi matatu. Kuna injini zenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa kila silinda kwa zamu), ambapo waya mmoja mnene hutoka kwenye koili kwenda katikati ya kava ya distributa (baadhi zina koili ndani ya distributa, hivyo waya huo haupo), halafu kila silinda ina waya wake. Kuna injini zenye boksi moja la koili lenye vichwa vinne au sita. Na kuna zile za mchanganyiko, ambapo koili imekaa juu ya plagi moja na waya mmoja unatoka kwake kwenda plagi nyingine. Hizo za mwisho huwachanganya watu sana, maana injini ya silinda nne inakuwa na nyaya mbili tu, na mwenye gari anadhani mbili nyingine zimeibwa.

Vitu vya kuandaa

- Multimita, ile mita ya kawaida ya mafundi umeme, yenye uwezo wa kupima hadi kilo-omu 200.
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Chupa ya kupulizia yenye maji safi, ile inayotoa ukungu na si mkondo.
- Kitambaa kikavu na brashi ndogo.
- Soketi ya plagi na mkono wake, kwa sababu plagi nazo utazitoa.
- Grisi ya silikoni ya umeme. Grisi ya kawaida ya bearing haifai, inakula mpira.
- Karatasi na kalamu, au simu ya kupigia picha.
- Tepu ya kuandikia namba.
- Mtu wa kukaa kwenye usukani unapofanya kipimo cha giza.
- Kitabu cha gari, kama kipo. Namba za ndani yake zinashinda namba zote nitakazotaja hapa.

Usalama, na hapa nakuomba usiruke

Umeme unaopita kwenye nyaya hizi ni wa volti kama 20,000 hadi 40,000, na mifumo mingine hupita hapo. Usishike waya wala kofia yake injini ikiwa inanguruma, hata kwa glavu za mpira za jikoni. Mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asisogee kabisa kwenye injini iliyowashwa na iliyo wazi. Ukisikia harufu ya petroli mbichi, acha kazi mpaka ujue inatoka wapi, kwa sababu unachotafuta hapa ni cheche iliyotoroka, na cheche na mvuke wa petroli havikai pamoja. Fanyia nje au mahali penye hewa, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Mikono ya shati, shanga na nywele ndefu vikae mbali na feni na mikanda.

Na kuna ile tabia ya kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikiwaka ili kusikia silinda ipi haifanyi kazi. Najua wapo wanaofanya hivyo. Acha. Umeme ukikosa njia ya plagi hutafuta njia nyingine, na mara nyingi huipata ndani ya koili au ndani ya kifaa cha kielektroniki kinachoiendesha. Na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (kile kichujio cha kusafisha moshi) na kuyayeyusha. Umetafuta waya mbovu, umeharibu vitu vitatu vizima.

Hatua

1. Sikiliza gari kabla ya kugusa chochote.

Andika linasumbua lini hasa. Nyaya mbovu zina tabia zake. Misi inaongezeka gari likipanda mlima, likiwa na mzigo, au unapokanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa gia kubwa. Sababu ni kwamba silinda ikijaa mchanganyiko wa hewa na mafuta, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka. Volti zikipanda ndipo umeme unapopata nguvu ya kutoboa mpira uliochoka. Ndiyo maana gari linaweza kunguruma vizuri limesimama, kisha likakatakata barabarani. Dalili nyingine ni usumbufu wakati wa mvua au ukungu unaopungua injini ikipata joto, na kelele ya tatata kwenye redio inayopanda na kushuka kufuata mwendo wa injini.

Kama gari linamisi muda wote, liwe na mzigo au lisiwe nao, kuwe kukavu au kubichi, waya unaweza kuwa umekatika kabisa, lakini pia inaweza kuwa plagi, injekta au vali. Endelea na hatua, ila usiwe umeshahukumu.

2. Soma taa ya injini.

Kama gari lina mfumo wa kusoma makosa, chomeka mashine ya kuusoma, nayo itakupa kodi, yaani namba ya kosa. Kodi P0300 inasema misi ipo lakini inahamahama. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hivyo. Kodi haikuambii kwamba waya ni mbovu, inakuonyesha tu mahali pa kuanzia. Taa ikiwa inamulika kwa kuzima na kuwaka, kompyuta inaonya kwamba misi ni kubwa kiasi cha kuunguza masega. Punguza mwendo, usiendelee na safari kana kwamba hakuna kitu.

3. Kagua kwa macho, injini ikiwa imezimwa na ni baridi.

Fuata kila waya tangu mwanzo mpaka mwisho kwa tochi. Ukunje taratibu, kidogo tu. Mpira mzima unakunjika na kurudi. Mpira uliokufa ni mkavu, mgumu, na ukiukunja unaona mipasuko midogo kama ya ngozi ya kisigino. Tafuta sehemu iliyolainika na kuvimba kwa oili, sehemu iliyoungua kwa kugusa ekzosi, alama ya meno ya panya, na mahali waya unaposuguana na chuma. Hapo kwenye msuguano, angalia chuma chenyewe: kidoa kidogo cheupe au cha kijivu, mara nyingine chenye kijitundu kwenye mpira ulio mkabala nacho, kinaonyesha mahali umeme umekuwa ukiruka kwa muda mrefu.

Mipasuko inayoonekana, mpira ulioungua au kitundu ni ushahidi tosha. Huhitaji mita.

4. Kipimo cha giza na maji.

Hiki ndicho kipimo cha kuvuja, na ndicho kinachorukwa na wengi. Subiri usiku, au ingiza gari mahali penye kivuli kizito lakini penye hewa. Gia iwe huru (kwa otomatiki, P), breki ya mkono imevutwa, na mwenzako akae kwenye usukani. Washa injini, zima tochi, na yape macho yako dakika kadhaa kuzoea giza.

Angalia nyaya bila kugusa. Waya unaovuja unaonyesha mwanga wa buluu unaotambaa juu ya mpira, au cheche kali zinazorukia chuma, na mara nyingi unasikia mlio wa tik-tik-tik. Kama huoni kitu, mwambie mwenzako akanyage mafuta ghafla na kuachia, mara chache. Ule mkurupuko unapandisha volti, na waya uliokuwa umejificha unaweza kujitokeza.

Bado kimya? Sasa pulizia ukungu mwepesi wa maji juu ya nyaya, ukianzia upande mmoja, waya mmoja kwa wakati. Shika chupa kwa mbali, na mkono wako usiingie ndani ya boneti. Unyevu huo unaiga asubuhi ya mvua. Injini ikianza kutetemeka mara tu unapopulizia waya fulani, umempata mhusika. Usimwagie maji, usipulizie alternata, boksi la fyuzi wala ekzosi iliyopata moto. Ni ukungu tu.

Mwanga hafifu sana wa buluu unaozunguka mpira bila kuruka popote, hasa kukiwa na unyevu hewani, unaweza kuonekana hata kwenye nyaya ambazo bado zinafanya kazi. Huo peke yake usikufanye ununue seti. Cheche inayoruka, mlio wa kudonoa, au injini inayobadilika mlio ni habari tofauti kabisa.

5. Acha injini ipoe, kisha chomoa waya mmoja.

Ni mmoja tu. Piga picha kwanza, halafu bandika tepu yenye namba kwenye kila waya. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchomoa zote kwa pamoja halafu kuanza kukisia.

Shika kofia ya mpira iliyo juu ya plagi, izungushe kidogo huku na huku mpaka iachie, ndipo uivute. Usivute waya wenyewe. Uzi wa ndani wa nyaya nyingi ni nyuzi za kioo zilizopakwa kaboni, na mvuto mmoja wa nguvu unaukata ndani huku nje hakuna kinachoonekana. Watu wengi huua waya mzima kwa namna hii siku ya kubadilisha plagi, ndiyo maana utasikia "nilibadilisha plagi ndipo gari likaanza kusumbua".

Sasa angalia vichwa vyote viwili. Kichuma cha ndani kiwe kinang'aa na kimebana. Unga mweupe au wa kijani ni kutu. Kama ni kidogo unasafishwa kwa brashi, kama umekula chuma waya umekwisha. Ingiza mwanga ndani ya kofia: mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, unaopanda kwenye ukuta wa mpira ni njia ya kaboni. Umeme ulishapita hapo na utapita tena, hata ukiufuta. Tafuta mstari kama huo pia kwenye kaure nyeupe ya plagi. Ukiukuta upande mmoja, badilisha vyote viwili, plagi na waya, kwa sababu kimoja kilichochorwa humchora mwenzake mpya ndani ya muda mfupi.

Chungulia na shimo la plagi. Kama kuna oili imejaa humo, sili za mashimo ya plagi au gasketi ya kava ya vali zimechoka. Oili inalainisha mpira wa kofia na kuupasua. Ukiweka nyaya mpya bila kurekebisha uvujaji huo, umezizika zikiwa hai.

6. Pima ukinzani.

Weka mita kwenye omu, kipimo cha kilo-omu 200. Ncha moja iguse kichuma cha upande wa plagi, nyingine kichuma cha upande wa koili au distributa. Hakikisha unagusa chuma na si mpira. Soma namba, kisha ukunje waya taratibu na kuutikisa huku ukiangalia mita. Namba inayorukaruka ni uzi uliokatika unaogusana kwa bahati. Mita ikionyesha "1" peke yake au "OL", uzi umekatika kabisa.

Namba nzuri ni ipi? Inategemea waya umetengenezwaje. Nyaya za uzi wa kaboni mara nyingi husoma kati ya kilo-omu 10 na 20 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo waya wa sentimita 50 unaweza kusoma 5 hadi 10 na ukawa mzima. Nyaya zenye uzi wa chuma uliosokotwa husoma chini ya hapo. Zile za shaba, ambazo magari mengi ya Ulaya hutumia, zenyewe karibu hazina ukinzani. Kinachosomwa ni vizuizi vilivyowekwa ndani ya vichwa, hivyo waya mrefu na mfupi hutoa namba zinazokaribiana. Vitabu vingi vya Toyota zenye distributa huweka ukomo wa kilo-omu 25 kwa waya mmoja, na ukomo huo ni wa juu kabisa, usiuchukue kama namba ya waya mpya.

Kama huna kitabu, linganisha nyaya zenyewe kwa zenyewe. Tuseme ni za kaboni, na umepata 9, 8, 7 kufuata urefu, halafu ya nne, ambayo ndiyo fupi kuliko zote, imesoma 31. Huhitaji mtaalamu kukuambia. Waya mfupi usisome zaidi ya mrefu katika seti ya aina moja.

Ukimaliza, rudisha waya huo mahali pake mpaka usikie mlio wa kubana, ndipo uende kwa unaofuata. Usisahau ule wa katikati unaotoka kwenye koili. Huo ukiwa mbovu, silinda zote zinaugua kwa zamu na kodi inahamahama.

7. Toa plagi na uangalie kava ya distributa.

Puliza vumbi kwenye shimo kabla ya kufungua plagi, lisije likaangukia ndani ya silinda. Pima upenyo wake, yaani ile nafasi kwenye ncha ya plagi ambayo cheche huiruka. Plagi iliyolika ina upenyo mpana, na upenyo mpana unadai volti nyingi zaidi, na volti hizo ndizo zinazotoboa mpira wa waya. Plagi zilizopitiliza muda wake ni muuaji mkubwa wa nyaya. Kama kitabu kinasema milimita 1.1 na wewe unasoma 1.5, usiweke nyaya mpya juu ya plagi hizo.

Kwenye kava ya distributa tafuta nyufa, unyevu na ule mstari mweusi. Angalia pia ncha ya rota, kile kidude kinachozunguka chini ya kava. Kava iliyopasuka inaleta dalili zilezile za nyaya mbovu, mpaka na kusumbua kwa mvua.

8. Sasa amua.

Badilisha bila kusita kama umekuta chochote kati ya hivi: cheche inayoruka gizani, injini kubadilika mlio kwa ukungu wa maji, mpira uliopasuka au kuungua, njia ya kaboni ndani ya kofia, uzi uliokatika, au ukinzani uliopita ukomo wa kitabu.

Usibadilishe bado kama vipimo vyote viwili vimepita, mpira unakunjika na kurudi, vichwa ni safi na injini haimisi. Rangi iliyofifia na uchafu wa oili wa juu juu havimaanishi kitu. Futa kwa kitambaa, endelea na safari.

Na kilomita? Ratiba nyingi huangukia kati ya kilomita 80,000 na 160,000, kutegemea mtengenezaji na aina ya nyaya. Mimi nazichukulia kilomita kama sababu ya kukagua, si hukumu. Joto la injini linaua mpira haraka kuliko umbali. Gari la foleni lililokaa miaka mingi na kilomita chache linaweza kuwa na nyaya zilizokauka kabisa. Ila kuna hali moja ambayo sisubiri ushahidi. Kwenye baadhi ya injini, hasa V6, nyaya za nyuma zimejificha chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda), na kuzifikia ni kazi ya nusu siku. Ukishafungua hapo kwa ajili ya plagi, na nyaya ni za tangu kiwandani, weka mpya. Kufungua mara ya pili kutakugharimu zaidi ya seti yenyewe.

Swali linalofuata huwa ni kama inatosha kubadilisha mmoja ulioharibika. Kama mmoja umeliwa na panya na zilizobaki ni changa, sawa, badilisha huo. Lakini kama umekufa kwa uzee, wenzake wamekaa kwenye joto lilelile kwa miaka ileile. Nunua seti.

9. Kuweka mpya.

Zipange mpya na za zamani kwa urefu, sambamba, kabla ya kuanza. Badilisha mmoja mmoja, ukianzia mrefu zaidi. Paka grisi ya silikoni kidogo, kiasi cha kichwa cha kiberiti, ndani ya mdomo wa kofia. Usiijaze kwenye kichuma. Sukuma mpaka usikie na kuhisi imebana. Kofia inayorudi juu yenyewe ina hewa iliyokamatwa ndani. Inua mdomo wake kidogo hewa itoke, sukuma tena.

Rudisha kila waya kwenye klipu zake. Klipu hizo si mapambo. Nyaya mbili zikilala pamoja kwa urefu mrefu, umeme wa mmoja unaweza kuamsha mwingine, na kama silinda hizo zinawaka kwa kufuatana, utapata misi usiyoielewa hata nyaya zikiwa mpya. Ziwe mbali na ekzosi, na zisivutike injini inapotikisika.

Unene usikudanganye. Waya wa milimita 8.5 wenye rangi ya kuvutia hauongezi nguvu kwenye injini ya kawaida kuliko wa milimita 7 uliopendekezwa na kiwanda. Tafuta unaolingana na injini yako kwa urefu, kwa vichwa na kwa aina ya ukinzani.

Ikiwa mambo hayakwenda sawa

*Injini haiwaki kabisa, au inalipua kwenye ekzosi.* Mpangilio umechanganywa. Rudi kwenye picha uliyopiga. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari huwaka kwa mfuatano 1-3-4-2, lakini zipo za 1-2-4-3, na distributa nyingine huzunguka kulia, nyingine kushoto. Hakikisha kwa kitabu cha injini yako.

*Inawaka lakini inamisi kuliko mwanzo.* Kofia moja haijabana, au nyaya mbili za jirani zimebadilishana. Kama zote ziko sawa, toa plagi ya silinda hiyo uangalie kaure. Soketi ikipinda wakati wa kufungua huipasua kwa ufa mwembamba kama unywele.

*Kichuma kimebaki juu ya plagi, kofia imetoka peke yake.* Kivute kwa praisi ndefu zenye mdomo mwembamba, injini ikiwa baridi. Waya huo umekwisha, usijaribu kuurudishia.

*Redio imeanza kelele ambayo haikuwepo.* Umewekewa nyaya zenye ukinzani mdogo kuliko injini inavyotaka, au plagi zisizo na kizuizi ndani. Plagi nyingi zenye kizuizi huwa na herufi R kwenye namba yake. Kelele hiyo inaweza kuisumbua kompyuta ya gari pia, kwa hiyo usiichukulie kama kero ya masikio tu.

*Nyaya mpya zimekufa mapema.* Angalia oili kwenye mashimo ya plagi, upenyo wa plagi, na mahali zinapopita karibu na ekzosi. Karibu kila mara ni moja ya hayo matatu.

*Misi iko palepale kwenye silinda ileile.* Nyaya zimesafishwa jina. Hamisha plagi ya silinda hiyo kwenda silinda nyingine uone kama kodi inaifuata. Kama haifuati, na koili yako inahamishika, fanya hivyo kwa koili. Vyote viwili vikipita, kinachobaki ni injekta, hewa inayovuja kwenye manifoldi, au mgandamizo wa silinda yenyewe, na hapo utahitaji geji ya kupimia mgandamizo kabla ya kununua kitu kingine chochote.